LUGHA YA MDOMO NA LUGHA YA KARATASI

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja wa kazi ya njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi. Wanachama waliokuwa zamu siku ile waliomba yachapwe, nasi tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Katibu aliponiambia nizungumze juu ya lugha na taifa letu nilimjibu kwamba hilo ni jambo la walimu wa Chuo Kikuu. Mimi ni mtu wa mataruma na kokoto, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi. Akaniambia, "Wewe ndiye unayelalamika kila siku juu ya karatasi za Kiingereza. Njoo ulalamike mbele ya watu." Kwa hiyo nimekuja kulalamika, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kabla sijaja relini nilifanya kazi katika ghala moja la mizigo. Mwajiri simtaji, maana jina lake halitatusaidia kitu. Wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao kwa sababu nilijua kusoma kidogo. Palikuwa na mzee mmoja, mpakizi, aliyekuwa akidai malipo ya saa za ziada za miezi 5. Siku moja aliitwa ofisini, nami nikaitwa pamoja naye. Mkubwa alitupokea vizuri sana, na alitupokea kwa Kiswahili. Alituuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili, akaagiza chai kwa Kiswahili, akamwambia mzee kwa Kiswahili kwamba maneno sasa yamekwisha na kuna pesa kidogo atapewa siku ile ile. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi, nayo ilikuwa ya Kiingereza tangu juu mpaka chini.

Mzee hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi. Mimi nikasoma, na nikafika kwenye neno moja lenye herufi tano. Nilidhani ni lile neno la kupunga mkono, kama vile gadi anavyopunga bendera yake treni inapoondoka. Nikajiambia labda hii ni namna ya Wazungu ya kuagana katika barua. Ndugu zangu, niliona aibu kuuliza. Mwakilishi mzima, niliyechaguliwa kwa sababu najua kusoma, niulize neno? Mzee akatia kidole gumba, nami nikatia sahihi yangu chini yake kuwa shahidi.

Wiki mbili zikapita. Kijana mmoja aliyesoma kutupita akaiona nakala ile, akatuambia maana. Neno lile halihusu kupunga mkono. Maana yake ni kwamba mtu ameacha haki yake kwa hiari, ameisamehe. Nilipomweleza mzee kwa Kiswahili alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Lakini mimi sikumsamehe mtu." Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Mkubwa yule alijua Kiswahili, mzee alijua Kiswahili, mimi najua Kiswahili. Wote watatu ni watu wa nchi moja. Kwa nini basi, tulipofika mahali pa kuamua, tulihamia lugha ambayo ni mmoja wetu tu aliyeijua sawasawa? Hapo zamani ningesema ni ujanja wa mtu mmoja. Siku hizi naona kwamba yeye alifuata tu desturi ya nchi nzima.

Tazameni mambo ya taifa letu. Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wimbo wa taifa tuliutunga kwa Kiswahili, na sauti yake ikatoka katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Neno lililoandikwa chini ya ngao ya taifa ni la Kiswahili. Mtu akitaka kura zetu anakuja na Kiswahili. Askari akitusimamisha barabarani anatusimamisha kwa Kiswahili. Lakini sheria, hukumu, mkataba wa kazi, barua ya kufukuzwa, hati ya bima, yote haya yanakuja kwa Kiingereza. Yaani katika kuimba na kuamriwa sisi ni wananchi, lakini karatasi ikitolewa tunakuwa wageni.

Wapo watakaosema Kiswahili hakitoshi kwa mambo makubwa. Nawaomba watu hao waitazame historia ya kazi yetu. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali panapoitwa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Pamoja nao walikuwako Waafrika wa makabila mbalimbali. Watu hao walielewana kwa lugha gani? Msikie maneno yetu ya kila siku. Tunasema gari, na neno hilo limetoka kwa Wahindi. Tunasema karakana, na hilo limetoka Uajemi. Reli na stesheni ni Kiingereza kilichovunjwa kwenye mdomo wetu mpaka kikawa chetu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua maneno hayo. Yaliamuliwa na watu wenye nyundo mkononi, na mpaka leo fundi wa karakana akitaja kitu, mtu wa njia anaelewa.

Tena chama cha wafanyakazi katika nchi hii hakikukua kwa Kiingereza. Makhan Singh alipokiendesha chama chake cha wafanyakazi kuanzia mwaka 1935, alikifungua kwa watu wa rangi zote, na karatasi za matangazo zilichapwa kwa Kiswahili pamoja na lugha za Wahindi. Alijua kwamba mtu hawezi kugoma kwa ajili ya jambo asilolielewa. Mwezi wa Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu kiasi cha 15,000 waliacha kazi, watu wa bandari na watu wa reli, na wengine hata wa hoteli na majumbani. Walikutana katika uwanja uliopewa jina la Kiwanja cha Maskini. Aliyekuwa kiongozi wao, Chege Kibachia, hakuwa mtu wa Pwani, alikuwa Mkikuyu. Pale uwanjani walikuwako Wamijikenda, Wajaluo, Wakamba, Waluhya na wengine wengi. Kama kila mtu angesema kwa lugha ya mama yake, mkutano ungevunjika kabla ya saa sita. Serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia mwaka ule ule ikampeleka kukaa Baringo. Makhan Singh naye alikamatwa mwaka 1950, akazuiwa mpaka 1961. Watu hao walitia hofu kwa sababu maneno yao yaliwafikia wengi.

Sasa, mtu angetazamia kwamba baada ya uhuru lugha hiyo iliyotuunganisha ingepewa kiti mezani. Mambo hayakwenda hivyo. Mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulikuwa umeanzia katika shule za Wahindi za Nairobi mwaka 1957. Baada ya uhuru, mwaka 1964, tume ya elimu ya Bwana Ominde iliukubali mpango huo. Kiswahili kikawa somo tu, tena somo lisilo na mtihani. Kilikaa hivyo mpaka ulipokuja mpango wa 8-4-4 mwaka 1985, ndipo kikafanywa somo la lazima lenye mtihani. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 20 ambayo mtoto angeweza kumaliza shule na kuambiwa amefaulu bila kuulizwa lolote juu ya lugha ya taifa lake.

Mwaka 1974 Mzee Kenyatta alitoa amri kwamba Bungeni waseme Kiswahili. Amri ilifuatwa mara moja, na wabunge waliozoea kutamba kwa Kiingereza wakapungukiwa na maneno. Hapo ningefurahi sana, lakini sikilizeni mwisho wake. Miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alishika karatasi ya Kiingereza mkononi akaijadili kwa Kiswahili. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa, kila mbunge akachagua lugha yake. Naona kwamba jambo lile liliharibika kwa sababu walibadilisha mdomo wakaiacha karatasi. Ni kama kubadilisha rangi ya behewa wakati magurudumu ni yale yale.

Wengi wetu huwasifu Watanzania katika jambo hili, na ni haki yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitolewa kwa Kiswahili, na watoto wao wa shule za msingi walianza kufundishwa kwa Kiswahili. Sisi watu wa reli tuna sababu ya kuwajua, maana mpaka mwaka 1977 tulikuwa shirika moja, na njia ya Voi kwenda Moshi ni ushahidi. Lakini tusidanganyane. Hata kwao shule za sekondari zilibaki na Kiingereza, na sheria na hukumu za mahakama kuu ziliandikwa kwa Kiingereza miaka yote hiyo. Mwaka 2021 ndipo walipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kama nchi yenye mapenzi makubwa namna ile na Kiswahili ilichukua zaidi ya nusu karne kuifikia karatasi, basi ninyi mtaelewa kwamba karatasi ndiyo ngome ya mwisho.

Niseme neno juu ya utamaduni pia, maana Katibu alinikumbusha. Mwaka 1971 serikali ilianzisha Bomas pale Nairobi, ngoma za makabila zikachezwa mbele ya wageni. Ni vizuri, mimi mwenyewe nimekwenda, nikaona watu wa kwetu Magharibi wakicheza mabega nikafurahi. Lakini mwaka 1977, kule Kamirithu karibu na Limuru, wafanyakazi na wakulima waliigiza mchezo kwa Kikikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo ule ulieleza habari za kibarua na ardhi yake na ujira wake. Haukumaliza miezi miwili, serikali ikauzuia. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa mwaka ule, akakaa kizuizini kiasi cha mwaka mmoja bila kushtakiwa. Vitabu vyake vya Kiingereza vilikuwa vimesomwa miaka mingi na hakufungwa kwa ajili yavyo. Alipoandika kwa lugha ambayo kibarua wa kiwanda aliielewa, mambo yakabadilika. Najua baadhi yenu mtauliza: je, na sisi tusiojua Kikikuyu? Kweli, mimi nisingeelewa hata neno. Sisemi lugha ya mama iondoke. Katiba yenyewe inasema lugha zote za wananchi zilindwe. Shuleni kwetu tulivikwa kibao shingoni kwa sababu ya kusema lugha ya nyumbani, na jioni mwenye kibao alichapwa. Nakumbuka nilivyomtega mwenzangu aseme neno la kwetu ili nimpe kibao. Tulifundishwa kuchongeana tukiwa na miaka minane, kisha tukiwa wakubwa tunaambiwa tuwe na umoja!

Basi tuje kwenye siku zetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Rasmi, ndugu zangu. Maana yake ni kwamba mtu akiandika barua ya kazi kwa Kiswahili hajaomba msamaha kwa mtu yeyote, ametumia lugha ya serikali. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 259, inasema kwamba nakala za lugha mbalimbali zikipingana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Hapo ngome ingali imesimama. Silalamikii watu walioandika hivyo, labda walikuwa na sababu zao za mahakamani. Nawaambia tu mjue ilivyo.

Lakini iko sheria nyingine ambayo laiti ningaliijua siku ile ya ghala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inasema kwamba mfanyakazi asiyeweza kusoma mkataba au kuelewa lugha yake, mwajiri sharti ahakikishe ameelezwa mkataba ule kwa lugha anayoielewa. Na kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, au kwa kazi mbaya, au kwa udhaifu wa mwili, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama akisikiliza. Katibu alinisomea vifungu hivyo mara mbili, maana vyenyewe, kama mnavyodhani, vimeandikwa kwa Kiingereza! Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia "tia sahihi hapa, ni kawaida tu," wewe una haki ya kujibu, "Nieleze kwanza kwa lugha yangu, na mwakilishi wangu aje." Kusema hivyo si ukaidi, ni sheria.

Nimewasema wakubwa, nimeisema serikali. Sasa niruhusuni niseme chama. Mkataba wetu wa pamoja, ambao tunajivunia na ambao wazee hawa walio mbele walisimamia jua kwa ajili yake, umeandikwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu za mikutano yetu, kadhalika. Sisi hapa tunazungumza Kiswahili, Katibu anaandika Kiingereza, mwezi ujao anatusomea Kiingereza, nasi tunainua mikono kuthibitisha kwamba ndivyo tulivyosema. Katika genge letu tuko watu kumi na wanne. Niliwauliza mmoja mmoja siku zetu za likizo ni ngapi na fidia ya mtu aliyeumia inahesabiwaje. Wawili walijibu sawasawa, na mmoja wao alikuwa amesikia tu kwa shemeji yake. Je, tofauti yetu na yule mkubwa wa ghala ni nini? Yeye alificha kwa makusudi, sisi tunaficha kwa mazoea, lakini mzee wa kidole gumba hawezi kuona tofauti hiyo.

Jana mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema, "Ukileta Kiswahili kwenye mkataba, mwanasheria wa mwajiri atatucheka, na mtoto wako atakosa Kiingereza." Kwa habari ya mtoto, nataka ajue Kiingereza vizuri sana, asije akadhani neno la kusamehe ni la kupunga mkono. Kwa habari ya mwanasheria, karatasi ya Kiingereza na ibaki kwake na mahakamani. Ninachotaka ni kwamba kabla ya viongozi wetu kutia sahihi, maneno yale yasomwe kwa Kiswahili hapa mkutanoni, yabishaniwe, na baada ya sahihi yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kila stesheni na kila karakana. Jambo likieleweka vibaya tutaligundua hapa, si ofisini.

Mwingine alisema maneno hayatoshi. Maneno yapo, na mnayatumia kila mwisho wa mwezi: ujira, marupurupu, likizo, notisi, fidia, kiinua mgongo, saa za ziada, kusimamishwa kazi. Hakuna hata mmoja hapa asiyejua kiinua mgongo ni nini, hasa wale ambao migongo yao imekwisha kuinama.

Wapo pia wanaonicheka kwa Kiswahili changu. Ni kweli, Kiswahili changu ni cha stesheni. Ndugu zetu wa Pwani wakinisikia nikichanganya ngeli wanashika tumbo. Wacheke, lakini baada ya kucheka wanisaidie, maana hili ninalolileta haliwezi kufanywa na mtu wa Magharibi peke yake.

Ndugu Mwenyekiti, natoa shauri kwamba tawi hili liombe Halmashauri iutafsiri mkataba wa pamoja, na kumbukumbu zetu ziandikwe kwa Kiswahili kuanzia mkutano ujao. Kwa upande wangu nimekwisha kuanza. Nimemaliza sehemu ya likizo na sehemu ya mavazi ya kazi, ziko hapa mfukoni, kurasa nne kwa mkono. Nimekwama kwenye sehemu ya malalamiko, maana lile neno la herufi tano limo humo pia, mara mbili. Nimeandika "kusamehe haki," nikafuta. Nimeandika "kuacha dai," sijaridhika. Mzee mmoja wa karakana, mzaliwa wa Mombasa, ameahidi kukaa nami Jumamosi baada ya zamu, chini ya mti ule wa karibu na tangi la maji. Anayeweza kuja na aje, na mwenye kamusi asiisahau.